Gari Lenye Dripu

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo. Lingekuwa kwenye wali ningelitafuta kwa ncha ya ulimi, nikaliweka ukingoni mwa sahani na kuendelea kula bila kumsema mpishi. Lakini lilikuwa juu ya lori la kokoto lisilofunikwa turubai, na mimi nilikuwa nyuma ya lori hilo. Mikese tulikwishaipita, nawahi Dar es Salaam kwa haraka ambayo hadi leo sikumbuki ilikuwa ya nini.

Ikasikika tik. Haukuwa mlio wa ajali, bali mlio wa mshenga anayegonga glasi kwa kijiko ili watu wanyamaze. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye simu.

"Nini hicho?"

"Hakuna kitu."

Katika miaka 14 ya ndoa nimesema "hakuna kitu" mara nyingi, na mara nyingine nimeaminiwa. Ila sikuwahi kulisema neno hilo huku kitu chenyewe kikiwa kimekaa mbele ya uso wa ninayemwambia. Usukani wetu uko kulia, jiwe lilipiga kushoto. Yeye ndiye aliyekatiwa tiketi ya kiti cha mbele: kiduara cha ukubwa wa punje ya choroko, na kutoka kwenye kiduara hicho vijiguu vitatu, kama buibui aliyerudi vitani na miguu mitatu.

Hakusema neno mpaka Chalinze. Hapo tulisimama, akanunua hindi la kuchoma, likapakwa ndimu, chumvi na pilipili kama apendavyo. Akalizunguka gari akilitafuna, akasimama mbele ya kioo, akanyoosha mkono na kukiweka kidole juu ya kile kiduara.

"Hii ndiyo hakuna kitu?"

Namwomba msomaji akiweke akilini kidole hicho. Ndicho kilichokuwa cha kwanza.

Gari letu ni IST ya namba C. Kwa asiyezijua tabia za Dar es Salaam, siku hizi mtu haulizwi gari lake ni la mwaka gani, anaulizwa ni namba gani, na ukijibu "C" unapewa sauti ile ya kumpa mtu pole ya bibi aliyekula chumvi nyingi. Bima yake ni bima ndogo, ile inayomtazama utakayemgonga na kukuachia wewe Mungu wako. Kwa hiyo Jumatatu nikampelekea kioo fundi wa vioo kule Ilala, nikitarajia kusikia neno "kuziba". Fundi hakukisogelea. Alikitazama akiwa amekaa kwenye kigoda chake, kijiti cha meno mdomoni.

"Bosi, tubadilishe."

Akataja bei. Nilimwomba arudie, maana nilidhani ananipa namba yake ya simu. Nikamwambia nitarudi. Yeye akaitikia "haya bosi", na sote wawili tulielewa kwamba hatutaonana tena. Lakini nilipokuwa nafungua mlango alinitupia neno moja la bure, na lilinikosesha usingizi kuliko ile bei: "Usikiache hivyo. Kitatembea."

Kutembea, kwa lugha ya mafundi, ni ule ufa mdogo kuanza safari. Joto la mchana, baridi ya kiyoyozi, tuta moja la ghafla, na kijiguu cha buibui kinakua usiku mmoja hadi ukingoni mwa kioo. Kikishafika ukingoni hakuna wa kukirudisha. Mimi naishi Tabata. Kati ya lami na mlango wangu kuna matuta saba, na mawili kati ya hayo yalijengwa na wananchi wenyewe kwa hasira. Kila tuta nililipanda kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani, na kila nilipovuka mke wangu alisogeza uso kwenye kioo na kutoa taarifa ya hali: "Bado kimekaa."

Usiku nikaanza kusoma. Hii ni tabia yangu mbaya. Mimi ni mhasibu, na mhasibu akikutana na tatizo la mikono hulikimbilia kwa macho. Nilichojifunza ni kwamba kioo cha mbele si kioo kimoja. Ni vioo viwili vilivyobanana, na katikati yao pana utando wa plastiki, kama siagi katikati ya vipande viwili vya mkate. Jiwe likipiga, kwa kawaida linamuumiza wa nje tu. Wa ndani hana habari. Vioo vya milangoni ni ndugu wa baba mwingine: ni kioo kimoja kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla, na kikivunjika kinamwagika chote kwa mara moja kama chumvi ya mawe. Shemeji yangu, aliyewahi kufungia funguo ndani ya gari akadhani atatoboa katundu kadogo ka kupitishia vidole, analijua somo hilo kuliko mhandisi yeyote.

Sifa ya kioo hiki cha mkate na siagi anapewa Mfaransa Édouard Bénédictus. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ya maabara ilianguka sakafuni, ikapasuka, lakini vipande vyake vikabaki vimeshikana, kwa sababu ndani palikuwa pamekaukiwa na dawa iliyoacha utando. Mwaka 1909 akapata hataza yake. Nyumbani kwangu glasi zinaanguka tangu tulipohamia, na hakuna hata moja iliyowahi kushikana. Zinatawanyika chini ya makochi na kumsubiri aliye peku.

Nikajifunza pia kwamba kidonda changu kilikuwa cha aina inayotibika: hakizidi sarafu, hakijagusa ukingo, na hakiko mbele ya macho ya dereva. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani hata kikizibwa vizuri huacha mkunjo kidogo wa mwanga, na dereva si mtu wa kuwekewa mikunjo mbele ya macho. Abiria ni sawa. Sikumsomea mke wangu sentensi hiyo.

Nikaagiza seti ya kuzibia mtandaoni: shilingi elfu kumi na tano, pikipiki inaleta hadi mlangoni, siku ya kufika Jumatano. Ilikuwa Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Jumatano kuna Jumamosi, na Jumamosi mimi huosha gari nje ya geti.

Ukitaka kujua mtaa wako una wataalamu wangapi, simama kando ya kitu kilichoharibika. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akainama. "Rangi ya kucha," alisema. "Ile isiyo na rangi." Akaonyesha kwa kidole mahali pa kuipaka. Hakuonyesha kwa mbali, alipapaka kabisa, duara zima, kama anayemuonyesha mtoto wa darasa la kwanza herufi "o". Nyuma yake akaja kijana wa bodaboda aliyekuwa ametoka kukaza mnyororo wa pikipiki yake. "Mzee baba, tia supagluu. Mimi kioo cha simu nilitia, hadi leo." Akakitoa hicho kioo cha simu nikione, kilikuwa kimeganda pamoja na kidole gumba cha mtu, alama yote imebaki. Naye akabonyeza kidonda changu kupima kina. Akaja Mangi wa duka la kona, mikono imejaa unga wa sembe: dawa ya meno, nyeupe, si ya rangi rangi. Akabonyeza. Mama wa vitumbua, ambaye hakuwa na dawa yoyote, alisema ni mkono wa Mungu jiwe halikuingia machoni. Akakigusa kwa huruma kwa kile kidole ambacho tangu alfajiri kilikuwa kikigeuza vitumbua kwenye mafuta.

Jumatano seti ikafika. Nikafungua karatasi ya maelekezo, maandishi yake yameandikwa kwa ajili ya sisimizi, na mstari wa kwanza kabisa ukasema hivi, kwa maneno yangu: mara tu kioo kinapopigwa, bandika selotepu safi juu ya kidonda, na usikiguse kwa mikono, kwa maana uchafu na mafuta vikiingia ndani havitoki.

Mke wangu akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia hakuna kitu.

Ndani ya kiboksi mlikuwa na bomba la sindano la plastiki lisilo na sindano, kikombe kidogo chenye mdomo wa gundi wa kubandikwa kwenye kioo, vijikaratasi viwili vya plastiki angavu, wembe mmoja, na kichupa cha dawa ambayo ukiitikisa inatembea taratibu kama asali ya nyuki wadogo. Kazi yenyewe, kwa maandishi, ni rahisi. Unabandika kikombe juu ya kidonda, unatia matone ya dawa, unachomeka bomba. Unavuta ili kunyonya hewa iliyomo kwenye ufa, unasubiri, kisha unasukuma ili dawa iingie ilikokuwa hewa, unasubiri tena. Baada ya hapo unaanika juani, dawa inaganda. Onyo lilikuwa moja na liliwekwa alama ya mshangao: fanya kazi kivulini, kwani dawa haikauki kwa upepo wala kwa muda, inagandishwa na mionzi ya jua, ile isiyoonekana.

Jumapili saa moja asubuhi nikaanza. Kivuli cha nini saa moja asubuhi? Jua lilikuwa bado liko nyuma ya nyumba ya mwalimu, limejiinamia. Nikabandika kikombe, nikatia dawa matone matano, nikachomeka bomba, nikashika mpini tayari kuvuta. Hapo ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa mjumbe, na daftari lake la michango ya ulinzi shirikishi. Sasa mjumbe huwezi kumwambia subiri. Mjumbe anakaribishwa kiti, anaulizwa habari za nyumbani, naye anakuuliza za kwako. Mnaongelea mtaro, mnaongelea taa ya mtaani iliyoungua tangu mwaka juzi, chai inaletwa, na mwisho kabisa, kana kwamba amekumbuka ghafla, daftari linafunguliwa. Nikatoa elfu mbili. Nikamsindikiza hadi getini. Niligeuka na kukuta jua limeshapanda juu ya paa la mwalimu na linatazama moja kwa moja kioo changu, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

Nikavuta mpini. Haukuvutika. Nikasukuma. Haukusukumika. Nikajaribu kuling'oa bomba lote, gari likatikisika, bomba likabaki. Kile kilichokuwa asali kilikuwa kimegeuka kioo. Bomba la sindano limesimama wima katikati ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, imara kama mnara wa simu.

Binti yangu wa miaka sita alitoka na mswaki mdomoni, akasimama, akatazama kwa muda mrefu.

"Baba, gari limewekewa dripu?"

Basi ikawa hivyo. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba gari la mhasibu limelazwa. Kijana wa bodaboda akapita akipunguza mwendo: "Mgonjwa anaendeleaje?" Mangi akatuma salamu na kuuliza kama anakula. Mama wa vitumbua alileta vitumbua vinne kwenye gazeti, akasema ni vya wauguzi. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisimama mikono nyuma, akaniambia kwa upole kwamba rangi ya kucha isingefika huko.

Jumatatu kazini ni lazima. Nikaendesha na dripu yangu. Kwenye taa za Buguruni machinga mmoja aliyekuwa akiuza, kati ya vitu vyote duniani, waipa, alisogea dirishani, akaitazama sindano, akanitazama mimi, akarudi nyuma bila kunadi. Nadhani alidhani ni mtambo wa serikali.

Ilikuwa masika. Nilipofika Tazara mvua ikaanza, kwanza kwa adabu, baadaye kwa ndoo. Hapa lazima nieleze kitu ambacho mpaka siku ile sikuwa nimekifikiria: waipa haijui kukwepa. Nikaiwasha. Waipa ya kulia ikafanya kazi yake. Ya kushoto ikaja kwa kasi, ikaligonga bomba, ikarudi nyuma kama aliyeingia chumba cha watu, ikaja tena. Kwa kila mzunguko ilitoa mlio wa mtu anayekata kuni mbali. Nikaizima, sikuona barabara. Nikaiwasha, tak. Mara ya kumi hivi bomba likakatika shingoni, likaruka juu, likapita mbele ya daladala na kuzama mtaroni. Konda alichungulia, akaangalia kilipotokea kile kitu, akaniambia, "Mzee, umechomoa dripu, mpeleke nyumbani sasa." Yaani hata Tazara walikuwa na habari.

Kilichobaki ni kikombe, kimeng'ang'ania kioo kama kupe. Na wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanga.

Mama mkwe wangu ni mtu wa vitendo. Aliposikia habari alikwenda jikoni, akarudi na birika la maji yanayochemka, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mwanangu, mwagia. Gundi yoyote inakimbia moto." Alikuwa sahihi kuhusu gundi. Lakini kila aliyewahi kuandaa chai anajua kwa nini tunatia kijiko kwenye glasi kabla ya kumimina: upande wenye moto unatanuka, wenye baridi unakataa, na katikati pana ugomvi. Glasi nzima huenda ikavumilia. Kioo chenye ufa hakina subira hiyo. Maji ya moto juu ya kidonda, au maji ya barafu juu ya kioo kilichoshinda juani, ndiyo njia ya mkato ya kuufanya ufa utembee.

Sasa, utamwambiaje mama mkwe, aliyesafiri toka alfajiri, kwamba birika lake ni hatari? Nikasema ahsante Mama. Nikalichukua birika, nikazunguka nyuma ya gari, nikachutama, nikamwagia maji yote kwenye shimo la sisimizi, na mvuke ukapanda juu ya boneti—yaani juu ya buti—kiasi cha kuonekana kutoka kibarazani. Nikarudi na birika tupu.

"Imelegea?"

"Imelegea, Mama. Mungu akubariki."

Sisimizi nimewaomba radhi. Kikombe nilikitoa usiku, kwa wembe na tochi ya simu, kwa muda wa saa nzima, nikiwa nimelala juu ya boneti halisi safari hii. Bahati moja niliyokuwa nayo ni kwamba sikuwahi kuvuta mpini. Dawa ilikuwa imegandia mlangoni tu. Ndani ya ufa haikuingia hata tone. Ingeingia nusu na kuganda, hadithi hii ingeishia kwa fundi wa Ilala na ile namba yake ya simu.

Nikaagiza seti ya pili. Elfu kumi na tano na elfu kumi na tano ni elfu thelathini, hesabu hiyo naiweza, na mke wangu pia anaiweza. Jumamosi nikalisukuma gari hadi chini ya mwembe wa mwalimu, kivuli kizito, saa nne. Geti nikalifunga kwa ndani. Mjumbe hata angekuja na jeshi.

Safari hii nilifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Niliazima pini ya ushungi wa mke wangu, nikakwangua vumbi la kioo lililobaki mdomoni mwa kidonda, nikapuliza. Kwa kuwa unyevu nao ni adui, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika unaweza kuikamua, niliazima pia draya yake ya nywele, nikapuliza kwa mbali, joto dogo, taratibu. Yeye alisimama kibarazani akinitazama nikikitengeneza kioo nywele. Nikabandika kikombe. Nikatia dawa. Nikavuta.

Naomba hapa nitulie kidogo, maana ndiyo dakika pekee katika habari hii yote ambayo mambo yalikwenda vizuri.

Ukiinama karibu sana, kutoka ndani ya gari, unaona vipovu. Vinatoka kwenye miguu ya buibui kimoja kimoja, vinapanda kwenye dawa, vinapasuka. Hiyo ndiyo hewa ya Mikese, iliyoingia pale jiwe lilipopiga, inatoka. Baada ya dakika kumi nikasukuma, na ule mguu wa kwanza wa buibui ukapotea. Nasema ukapotea: palikuwa na mstari mweupe, kisha hapakuwa na mstari. Kisha wa pili. Kilichotokea ni kile kile kinachotokea kwenye gazeti lililofungiwa maandazi. Karatasi kavu huioni ng'ambo, kwa sababu ndani yake mna hewa nyingi na mwanga unapotea njia kila unapokutana nayo; mafuta yakiingia na kuifukuza hewa, mwanga unapita, na unasoma habari za ukurasa wa pili bila kufungua. Dawa hii inapindisha mwanga karibu sawa na kioo. Ikijaza ufa, jicho halioni tena ufa unaanzia wapi.

Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akainama, na nilipoona mkono wake unaanza kuinuka niliudaka hewani.

Kilichobaki kilikuwa jua tu. Nikatoa kikombe, nikaweka tone la mwisho kujazia tundu la juu, nikafunika kwa kile kijikaratasi cha plastiki angavu, nikalisukuma gari kutoka chini ya mwembe. Jua likaingia wingu. Jiji hili ambalo watu wake tunalilalamikia jua kuanzia Januari hadi Desemba lilininyima jua kwa dakika arobaini. Ile mionzi inapita hata mawinguni, ila inakuja kwa kujivuta, kwa hiyo nikakaa kwenye ndoo kulilinda gari dhidi ya wataalamu. Nilikuwa nimewafikiria wote isipokuwa mmoja. Kunguru wa Dar es Salaam si mwenyeji; babu zake waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na tangu hapo wamejipandisha cheo. Alishuka kutoka mwembeni, akatembea juu ya boneti kama mkaguzi, akakitazama kijikaratasi kinachong'aa kwa jicho moja, akakibandua kwa mdomo, akaondoka nacho. Hakuharakisha hata kidogo.

Nikakata kipande cha nailoni ya kufunikia daftari la binti yangu, nikafunika upya. Jua likarudi. Baada ya nusu saa nikachukua wembe, nikausimamisha wima kabisa, si kwa kuulaza, nikakwangua mabaki hadi ukucha ukapita bila kukwama.

Mke wangu akaketi kwenye kiti chake. Akafunga mlango. Akatazama.

"Bado nakiona."

Hapo ndipo ilinibidi nikiri kile nilichokuwa nimekisoma tangu usiku wa kwanza na kukikalia: kuziba hakufuti. Kuziba kunakizuia kisitembee na kukirudishia kioo nguvu. Alama ndogo hubaki, na aliyekuahidi kwamba itatoweka kabisa anakuuzia kitu. Akaniuliza ni nani aliyemwahidi kwamba itatoweka kabisa. Nikasema tuendelee na mambo mengine.

Lakini alichokuwa anakiona hakikuwa buibui. Miguu yote mitatu ilikuwa imekwenda. Pale katikati kilibaki kidoa cheusi, kichwa cha pini, ndani kabisa ya kioo, mahali ambapo dawa ilifika na kukuta pana mtu ameshahamia. Nilikaa na kukitazama jioni nzima. Grisi ya mnyororo wa bodaboda imo. Sembe ya Mangi imo, na mafuta ya vitumbua, na chochote alichokuwa nacho mwalimu kwenye kidole chake cha shahada. Na chini kabisa, msingi wa jengo lote, ndimu, chumvi na pilipili ya Chalinze. Nilipolitaja hilo la mwisho kwa sauti niliambiwa kwamba ushahidi hauko na chakula kiko mezani.

Kidoa kipo hadi leo. Hakijatembea hata unywele, na matuta yamekuwa tisa.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Morogoro, harusini. Kwenye droo ya dashibodi nilikuwa na selotepu mpya na mkasi. Tulikuwa tunarudi, tumeshaiacha Chalinze, mbele yetu lori la kokoto, na mimi nimejiweka mbali nalo kama mtu aliyekopa. Likaja basi, likanipita, likachota kokoto ya kandoni mwa lami kwa tairi la nyuma.

Tik.

Sikungoja kuulizwa. Niliwasha indiketa, nikaegesha, nikafungua droo, nikakata kipande cha selotepu kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa umejificha, nikaruka nje na kukimbilia mbele ya gari nikiwa nimekishika kile kipande kwa ncha mbili kama anayekwenda kumbandika mtoto plasta. Sikuwa nimeona kwamba nimeegesha kando ya mti, na kwamba chini ya mti huo alikuwepo askari wa usalama barabarani, ambaye naye alikuwa ameinuka. Alifika kabla yangu.

"Habari za safari, dereva?"

"Nzuri, afande. Naomba tu—"

"Hiki ni nini?" akauliza. Akavua glavu nyeupe, akainama, akakibonyeza kwa kidole na kukizungusha, duara zima.

Kioo cha upande wa kushoto kikashuka taratibu. Mke wangu alikuwa na hindi mkononi.

"Hakuna kitu, afande," alisema.